Watoto Huwasaidia Watoto: Chimbuko, Kazi na Maana ya Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu

Kila mwaka, Mama Kanisa anapoadhimisha Sherehe ya Tokeo la Bwana, watoto hupewa nafasi ya pekee katika Misa Takatifu. Huimba, husoma masomo, huleta vipaji, na mwishowe husogea mbele ya altare wakiwa wameshika vibubu vyao. Waamini huwapigia makofi, wengine huwapiga picha, kisha kila mtu hurudi nyumbani kwake bila kujiuliza sana fedha ile inakwenda wapi, wala kwa nini Kanisa limewaomba watoto, ambao hawana mshahara wala shamba, wawachangie wenzao wa nchi za mbali wasiowahi kuwaona.

Swali la kwanza huulizwa na watoto wenyewe. Mtoto mmoja aliyekuwa akijiandaa kupokea Komunyo ya kwanza alimwuliza mlezi wake mbele yetu: “Huyo mtoto ninayemwombea kila siku, anaitwa nani?” Mlezi alicheka kidogo, akasema kwamba Mungu anamjua. Jibu lile lilikuwa sahihi, lakini tuliona kwamba mtoto hakutosheka nalo, na kadiri tunavyoisoma historia ya shirika hili ndivyo tunavyozidi kuona kwamba alikuwa na haki ya kutotosheka. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na waamini wote wanaopenda kuelewa jambo ambalo watoto wao wanalitenda kila mwaka.

Askofu ambaye hakufika China

Mwanzilishi wa Utoto Mtakatifu ni Askofu Charles de Forbin-Janson, aliyezaliwa mjini Paris, Ufaransa, mwaka 1785. Alipewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1811, na mwaka 1824 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Nancy. Tangu ujana wake alikuwa na shauku moja kubwa: kwenda China kuhubiri Injili. Barua za wamisionari wa huko zilikuwa zikimfikia, zikisimulia habari za watoto wachanga walioachwa na wazazi wao kwa sababu ya ufukara na njaa, wakafa bila matunzo na bila Ubatizo. Habari hizo hazikumwacha atulie.

Maisha yake hayakumpa alichokitamani. Mapinduzi ya mwaka 1830 yaliyomwangusha mfalme wa Ufaransa yalimkumba na yeye. Ilimbidi aliache jimbo lake, wala hakuruhusiwa tena kurudi kuliongoza. Askofu asiye na kanisa kuu la kukalia alijitoa kuwa mhubiri. Kati ya mwaka 1839 na 1841 alizunguka Marekani na Kanada akihubiri mafungo na kuwafariji waamini waliokuwa hawajaona askofu kwa miaka mingi. Aliporejea Ufaransa, bado China ilikuwa moyoni mwake, na afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika.

Hapo ndipo alipokutana mjini Lyon na Pauline Jaricot. Mwanamke huyu mlei alikuwa amekwisha kuanzisha, mwaka 1822, shirika la kueneza imani ambalo wanachama wake, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya hariri, walitoa sarafu moja ndogo kila juma kwa ajili ya misioni. Kanisa limemtambua kwa kumtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022, mjini humo humo Lyon. Askofu alimweleza uchungu wake kuhusu watoto wa China. Katika mazungumzo yao wazo likapata umbo: kama wafanyakazi maskini wanaweza kuzitegemeza misioni kwa sarafu zao, kwa nini watoto wasiwategemeze watoto wenzao?

Tarehe 19 Mei 1843 Shirika la Utoto Mtakatifu likazaliwa. Masharti yake yalikuwa mepesi kiasi kwamba hata mtoto wa miaka mitano angeweza kuyakariri: Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi. Sarafu yenyewe iliitwa sou, nayo ilikuwa miongoni mwa sarafu ndogo kabisa nchini Ufaransa. Watoto walipangwa katika makundi ya watu kumi na wawili, kwa heshima ya miaka kumi na miwili ya utoto wa Bwana wetu. Askofu Forbin-Janson alizunguka akilieneza shirika hilo hadi nguvu zikamwishia, akafariki dunia Julai 1844, baada ya mwaka mmoja na miezi miwili tu. China hakuiona kamwe. Sarafu za watoto zilifika kabla yake na baada yake.

Tunaomba msomaji aangalie vizuri mpangilio wa masharti yale. Sala hutolewa kila siku, fedha hutolewa mara moja kwa mwezi. Kwa hesabu ya kawaida, mtoto alisali mara thelathini kabla ya kutoa sarafu moja. Hatudhani kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati. Mtoto aliyemwombea mwenzake mwezi mzima haitoi sarafu yake kama mtu anayelipa ushuru wa soko, kwa sababu mwenzake huyo amekwisha kuwa sehemu ya jioni zake, pamoja na chakula na usingizi.

Sarafu hizo zilifika kwetu

Wapo wanaodhani kwamba Utoto Mtakatifu ni jambo la Ulaya na China, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumeliiga baadaye. Sivyo. Watoto wa pwani yetu ni miongoni mwa waliosaidiwa tangu miaka ya mwanzo.

Desemba 1860 mapadre kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar wakaanza kazi ya utume. Mwaka 1863 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, likiongozwa na Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 wamisionari wakavuka bahari na kujenga misioni ya Bagamoyo. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Halikufungwa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Wengi waliouzwa pale walikuwa watoto. Walikuwa wametembea kutoka bara, mamia ya kilometa, wakiwa wamepoteza wazazi njiani au katika vita vilivyowateka. Wamisionari waliwanunua baadhi yao ili kuwaweka huru. Wengine walikabidhiwa kwao baada ya majahazi yaliyowabeba kukamatwa baharini. Huko Bagamoyo walilelewa, wakafundishwa kusoma, kulima na ufundi, na walipokua wakaoana na kupewa nyumba katika kijiji cha Wakristo kilichojengwa kando ya misioni. Miongoni mwa walioitegemeza kazi hiyo kwa fedha lilikuwa Shirika la Utoto Mtakatifu, yaani sarafu za watoto wa Ulaya.

Anayetembelea leo misioni ya Bagamoyo huonyeshwa kanisa, makaburi ya wamisionari na mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Tungependa kila mzazi apelekaye watoto wake pale kuhiji awaambie pia habari hii: kwamba watoto wa Ufaransa na Ujerumani, ambao wengi wao hawakuwa matajiri, walisali Salamu Maria kwa ajili ya watoto waliofungwa minyororo katika nchi ambayo wao wasingeweza hata kuionyesha kwenye ramani.

Hata hivyo historia ya kweli haina upande mmoja tu, wala Kanisa halina sababu ya kuogopa ukweli. Kumnunua mtoto ili kumweka huru ni tendo la huruma kwa mtoto yule. Lakini fedha iliyolipwa iliingia katika mfuko wa yule yule aliyemteka, na hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba hakurudi bara kuwatafuta wengine. Swali hili liliwasumbua watu wenye dhamiri tangu wakati ule. Tena, watoto waliokombolewa hawakuulizwa walitaka kuishi wapi na namna gani. Nidhamu ya misioni ilikuwa kali, kazi za mashamba zilikuwa nyingi, na baadhi yao walipokua walitoroka. Hatuwezi kuwalaumu wote waliotoroka kana kwamba walikosa shukrani. Mtu aliyewekwa huru ana haki ya kuutumia uhuru wake hata pale mfadhili wake asipopendezwa.

Jina la mtoto

Kosa jingine, ambalo lilifanywa kwa nia njema kabisa, linatusaidia kulielewa lile swali la mtoto wa Komunyo ya kwanza.

Nchini Marekani, hasa katikati ya karne ya 20, wanafunzi wa shule nyingi za Kikatoliki walikuwa wakichanga sarafu zao darasani mpaka zifikie dola tano. Zilipofika, darasa lilipewa haki ya kumchagulia jina la Ubatizo mtoto mmoja wa misioni za mbali, nalo lilipokea hati nzuri ya kumbukumbu. Watu wazima waliokuwa watoto wakati huo hukumbuka jinsi walivyobishana darasani kuhusu jina litakalotumika, na jinsi walivyoshindana na darasa jirani kwa idadi ya watoto “waliowapata”. Nia ilikuwa safi, na fedha zile zilijenga shule na zahanati. Lakini tujiulize: mtoto yule wa mbali, je, hakuwa na jina? Alikuwa nalo. Alipewa na bibi yake au babu yake, labda kwa kukumbuka mvua, au njaa, au jamaa aliyefariki. Kumpa mtu jina jipya la Ubatizo ni desturi takatifu ya Kanisa. Kumfanya kuwa tuzo ya darasa lililochanga haraka kuliko mengine ni jambo jingine.

Tunalitaja hili kwa kuwa tabia hiyo haijafa, ila imebadili mavazi. Siku hizi picha za watoto wenye nzi machoni na matumbo yaliyovimba husambazwa ili kuwasisimua watu watoe, na mtoto aliyepigwa picha hiyo hakuulizwa na mtu. Akikua akajiona humo, atajisikiaje? Huruma inayomdhalilisha anayepewa imekwisha kupoteza kitu kabla haijatoa chochote. Bwana wetu alipotufundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unachotenda mkono wa kuume (Mt 6:3), alikuwa akimlinda mtoaji asijivune. Tunaamini alikuwa akimlinda mpokeaji pia.

Watoto waliolieneza shirika

Utoto Mtakatifu haukuenezwa na maaskofu peke yao. Mjini Aachen, Ujerumani, aliyeuanzisha mwaka 1846 alikuwa Auguste von Sartorius, msichana aliyekuwa bado katika umri wa ujana. Kutokana na mwanzo huo mdogo limekua shirika la watoto wa Ujerumani ambalo hadi leo makao yake yako Aachen. Tangu mwaka 1959 linaendesha kampeni ya waimbaji wa nyota: katika siku za Tokeo la Bwana watoto huvaa mavazi ya Mamajusi, hubeba nyota iliyotengenezwa kwa karatasi au mbao, hupita nyumba kwa nyumba katika baridi kali ya Januari wakiimba, na kuomba mchango kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Kabla ya kuondoka huandika kwa chaki juu ya mlango tarakimu za mwaka na herufi C, M na B, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba Kristo aibariki nyumba hii.

Kinachotuvutia ni kwamba watoto wale hawaombi fedha ya wazazi wao tu. Wanatoa siku zao za likizo, miguu yao na sauti zao. Mtoto anayerudi jioni akiwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ametoa sadaka hata kama hakuweka senti yake mwenyewe katika kopo.

Huko Lisieux, Ufaransa, binti mdogo aitwaye Thérèse Martin aliandikishwa katika Utoto Mtakatifu akiwa mtoto. Ndiye tunayemfahamu kama Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, ambaye Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni, ingawa tangu alipoingia monasteri hakutoka tena. Katika miaka yake ya mwisho alipewa wamisionari wawili wa kuwaombea kama kaka zake wa kiroho. Mmoja wao, Maurice Bellière, alijiunga na Wamisionari wa Afrika akaja kufanya utume katika nchi inayoitwa leo Malawi. Hatusemi kwamba utakatifu wake ulitokana na kadi ya uanachama. Ila tunaona kwamba mtoto aliyezoeshwa mapema kuwaombea watu wa mbali hakuliacha zoezi hilo hata mauti yalipomkaribia.

Mapapa nao hawakukaa kimya. Leo XIII, katika waraka wake wa kichungaji wa mwaka 1880 uitwao Sancta Dei Civitas, aliwahimiza waamini wa ulimwengu mzima kulitegemeza shirika hili pamoja na mengine ya kimisionari. Tarehe 3 Mei 1922 Pio XI alilipa hadhi ya kuwa Shirika la Kipapa. Pio XII naye, mwaka 1950, aliweka Siku ya Utoto Mtakatifu Duniani, akaiunganisha na Tokeo la Bwana. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu Mamajusi walikuwa wageni waliotoka nchi ya mbali wakamletea zawadi mtoto aliyezaliwa katika ufukara. Baada ya siku chache mtoto huyo alikuwa mkimbizi Misri.

Sarafu inakwenda wapi?

Tufike sasa kwenye swali la fedha, maana waamini wana haki ya kupewa jibu lililo wazi. Sadaka ya Utoto Mtakatifu haibaki parokiani, wala haipelekwi moja kwa moja kwa mtoto fulani. Hukusanywa jimboni, hufikishwa kwa Mkurugenzi wa Taifa wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari, na huhesabiwa katika mfuko mmoja wa mshikamano wa Kanisa zima. Maaskofu wenye mahitaji huandika maombi yao: darasa la chekechea, chakula cha watoto katika eneo la ukame, mafunzo ya walezi, dawa, katekesi, ulinzi wa watoto walio hatarini. Maombi hayo huchunguzwa, na kila mwaka wakurugenzi wa mataifa yote hukutana Roma kuyapitisha.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba hakuna nchi inayoweza kuinunua shukrani ya nchi nyingine. Mtoto wa Ujerumani hajui kama mchango wake umefika India, Peru au Tanzania. Na mtoto wa Tanzania, ambaye jimbo lake huenda limepokea msaada mwaka huu, naye ametoa. Fedha yake inaweza kuwa imelipia madaftari katika nchi ambayo hajapata kuisikia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Redemptoris Missio wa mwaka 1990, alikazia kwamba ushirikiano wa kimisionari ni kutoa na kupokea, na kwamba Makanisa machanga hayawezi kubaki upande wa kupokea tu. Katika mfuko huu hakuna orodha mbili, moja ya wafadhili na nyingine ya maskini.

“Mbona tunao yatima wetu?”

Hapa ndipo wazazi wengi husimama, nao wana hoja. Husema: katika jumuiya yetu ndogo ndogo kuna mtoto asiye na sare ya shule, kwa nini mwanangu apeleke shilingi zake Roma? Swali hili halipaswi kupuuzwa kwa kumwambia anayeuliza kwamba hana imani.

Kwanza, ana haki kwamba hisani huanzia karibu. Mtoto aliyefundishwa kumhurumia mtoto wa mbali huku akimcheka jirani yake kwa sababu ya viatu vilivyochanika hajafundishwa kitu. Parokia isiyo na mpango wowote kwa yatima wake isijivunie bahasha nene ya Utoto Mtakatifu.

Lakini pili, karibu na mbali si mbali kama tunavyodhani. Katika wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, iko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wamo watoto waliozaliwa humo kwa wazazi waliokimbia vita Kongo; wamo waliovuka mpaka kutoka Burundi. Hao ni watoto wa nchi nyingine, nao wanaongea Kiswahili kama wa kwetu, na wanajua nyimbo zile zile za kanisani. Mtoto wa Kigoma anapoambiwa asali kwa ajili ya watoto wasiobahatika wa mataifa mengine, anaweza kuwa anamwombea mtu anayeteka maji katika mto ule ule.

Tatu, Mtume Paulo alikutana na hoja hii zamani. Anapowaandikia Wakorintho (2 Kor 8:1-5), anawapa mfano wa Makanisa ya Makedonia, ambayo yalikuwa katika ufukara mkubwa na bado yaliomba kwa kusihi yaruhusiwe kuwachangia ndugu wa Yerusalemu. Ni jambo la kustaajabisha: maskini wanaomba wasizuiwe kutoa. Paulo hakuwaambia wangoje mpaka watajirike. Wahenga wetu wangemwelewa bila taabu, maana ndio waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto maskini anayezuiwa kutoa kwa sababu ni maskini huambiwa kwa siri kwamba yeye ni wa kupewa tu. Atakua akiamini hivyo, na taifa lake pia.

Mtoto anapotoa chake

Walezi wa Utoto Mtakatifu katika parokia zetu ni watu wa kupongezwa. Wengi hufanya kazi hiyo kila Jumapili bila malipo, wakinunua hata karatasi na rangi kwa fedha zao. Tunawaomba wapokee maneno machache kutoka kwetu kama ya ndugu.

Tumeona mara nyingi mlangoni mwa kanisa mzazi akimkabidhi mtoto noti ya elfu moja dakika tano kabla ya matoleo. Mtoto huishika, huitumbukiza kapuni, na habari imekwisha. Hiyo ni sadaka ya mzazi iliyopitia mkono mdogo. Si mbaya, lakini haimfundishi mtoto kutoa. Kibubu cha udongo au cha kopo kinachokaa nyumbani kuanzia majilio, ambamo mtoto huweka shilingi hamsini aliyoacha kununulia barafu au karanga, kina thamani tofauti kabisa. Mtoto asiyepewa hela ya matumizi naye asiachwe nje. Anaweza kuuza mchicha alioupanda mwenyewe kando ya nyumba, au kuleta yai moja, au kuleta sala tu. Mwanzilishi aliiweka sala kwanza, nasi hatuna ruhusa ya kuigeuza kuwa mbadala wa wasio na fedha.

Kuna desturi ambayo tungependa iachwe mapema: kutangaza hadharani darasa gani au jumuiya gani imeongoza kwa kiasi. Tunajua inaongeza makusanyo. Inawaongezea aibu pia watoto wa kigango ambacho mvua haikunyesha. Bwana Yesu alipoketi kuielekea sanduku la hazina (Mk 12:41-44), hakusoma orodha ya washindi. Alimwona mama mjane ambaye hakuna mwingine aliyekuwa akimtazama.

Katika mafundisho, yule mtoto wa mikate mitano atufae zaidi. Yohane peke yake ndiye anayemtaja kuwa ni mtoto, na ndiye anayeeleza kwamba mikate ilikuwa ya shayiri (Yn 6:9), chakula cha watu wa kawaida. Andrea anamleta kwa Yesu kwa mashaka, akiuliza vitu hivi vitawafaa nini watu wengi hivi. Injili haisemi mtoto alijibu nini, wala mama yake alisema nini aliporudi nyumbani jioni na kapu tupu. Watoto hupenda kuyaziba mapengo hayo kwa maneno yao wenyewe, na mlezi akiwaacha wazungumze atasikia theolojia ambayo haimo katika kitabu chake.

Kuhusu jina la mtoto tunayemwombea: ushauri wetu kwa walezi ni kwamba wasitunge jina, wala wasichague picha ya kuhuzunisha. Wachukue ramani. Rozari ya kimisionari, ambayo Askofu Fulton Sheen aliieneza Marekani tangu mwaka 1951, ina rangi tano kwa mabara matano, na inasaidia sana hapa: kijani kwa Afrika, nyekundu kwa Amerika, nyeupe kwa Ulaya, buluu kwa Oseania, njano kwa Asia. Kila juma watoto wachague nchi moja, wajifunze watoto wa huko wanaamkiana vipi, wanakula nini, wanacheza nini, wanaogopa nini. Majina ya kawaida ya watoto wa nchi hiyo yasomwe kwa sauti, kwa matamshi ya wenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha wasali. Mlezi mmoja aliyejaribu njia hii alituambia kwamba watoto wake sasa hawasemi tena “maskini wa nje”; husema “wenzetu”, na kuna siku walimwuliza kama wenzao hao nao wanajua majina yao.

Sadaka ya Utoto Mtakatifu hukusanywa katika Sherehe ya Tokeo la Bwana. Parokia ambazo watoto wake hawakukutana siku hiyo kwa sababu ya likizo au mvua huweza kuipokea Jumapili nyingine atakayoipanga paroko, kisha kuifikisha kwa Mkurugenzi wa Mashirika ya Kipapa jimboni pamoja na idadi ya watoto walioshiriki, wakihesabiwa pia wale walioleta sala peke yake.